Kwani Mwanamke Anaruhusiwa Kuumwa Moyo Akiwa na Umri Gani?

Leo naweka sehemu zote saba kwa mpigo ili mtu asiniambie hakuona mwendelezo. Chemsha chai, kaa, soma taratibu.

SEHEMU YA 1: KAULI TATU

Leo nataka tugombane na kauli tatu. Mmezisikia, na baadhi yenu mmezisema.

Ya kwanza: "Wewe binti mdogo, ugonjwa wa moyo umeutoa wapi? Punguza mawazo."

Ya pili: "Bibi kachoka tu, ni uzee huo. Miaka 75 mlitaka akimbie?"

Ya tatu: "Moyo ni ugonjwa wa wanaume, wale wenye vitambi na hela."

Sasa ziweke pamoja uone. Binti wa miaka 25 haumwi moyo kwa sababu ni mdogo. Bibi wa miaka 75 haumwi moyo kwa sababu ni mzee. Mama wa miaka 45, aliye katikati, haumwi moyo kwa sababu ni mwanamke. Naomba mnijibu basi: mwanamke anaruhusiwa kuumwa moyo akiwa na umri gani?

Kauli hizi haziko vijiweni tu. Ziko sebuleni kwenu, ziko kwa wauza dawa za asili, na wenzangu wa afya msinichukie, ziko hata ndani ya vyumba vya matibabu. Na zinaua. Hapa kwetu Singida tunazika watu tunaosema "kapigwa jini, kapooza upande mmoja" wakati tatizo lilikuwa linagonga mlango miaka mitatu nzima, na hakuna aliyeweka vidole viwili kwenye mkono wa mgonjwa akahesabu.

SEHEMU YA 2: TUNAONGELEA NINI HASA

Tatizo lenyewe kitaalamu linaitwa fibrilesheni ya atria. Mimi nitaliita mpapatiko wa moyo, maana ndivyo ulivyo.

Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Vya juu vinapokea damu na kuisukuma chini, vya chini vinaitoa kwenda mapafuni na mwilini. Kila mpigo unaanzia kwenye sehemu ndogo juu kulia inayotoa umeme, kama kiongozi wa ngoma: yeye akipiga, wengine wote wanafuata.

Kwenye mpapatiko, vyumba vya juu vinaacha kumfuata kiongozi. Umeme unazuka kila mahali, na vyumba havijikazi tena, vinatetemeka tu. Mmeshawahi kumshika kuku wa kienyeji mbawa akiwa hataki? Ndo hivyo. Anahangaika sana lakini haendi popote.

Hapo kuna hatari mbili. Kwanza, moyo unachoka. Mtu anahema kwa kupanda kilima kidogo, anavimba miguu, anaamka usiku kutafuta hewa. Pili, na hii ndiyo mbaya zaidi, damu isiyosukumwa vizuri inatuama. Kwenye chumba cha juu kushoto kuna kifuko kidogo kama mfuko wa shati. Damu ikituama humo inaganda. Bonge likichomoka linaenda zake kwenye ubongo, na hapo mnasema kapigwa jini. Linaitwa kiharusi.

Utafiti wa muda mrefu wa mji wa Framingham kule Marekani ulionyesha kwamba mpapatiko unaongeza hatari ya kiharusi takriban mara 5. Kama mgonjwa ana na mlango wa moyo uliosinyaa, hatari inapanda zaidi ya mara 17. Hiyo namba ya 17 ishikeni, tutairudia.

SEHEMU YA 3: NDIYO, UZEE UPO. KWA HIYO?

Sisemi umri hauna maana. Umri ndiyo sababu kubwa kuliko zote za mpapatiko. Takwimu zilizochapishwa mwaka 2001 kutoka California zilionyesha kwamba chini ya miaka 55 aliye nao ni mtu 1 katika 1,000. Ukifika miaka 80 na kuendelea, ni karibu mtu 1 katika kila 11.

Kwa nini? Nyama ya moyo ikizeeka, baadhi ya seli zinakufa na nafasi zao zinajazwa na kovu. Kovu halipitishi umeme vizuri, kwa hiyo umeme unapinda, unazunguka, unajirudia. Kiongozi wa ngoma naye anapungukiwa nguvu. Ongeza presha ya miaka ishirini isiyotibiwa, ambayo inavitanua vyumba vya juu kama soksi iliyovaliwa sana. Ongeza kisukari. Ongeza pombe ya kila siku. Moyo unakuwa umeandaliwa.

Sasa kugombana kwangu kuko hapa. Uzee unaeleza kwa nini bibi ameupata mpapatiko. Uzee sio sababu ya kuacha kumtibu. Kwani miwani tunawapa wazee au tunawaambia giza ni la umri wao?

Tuna ushahidi wa nyumbani kabisa. Watafiti walipima wazee zaidi ya 2,200 wenye miaka 70 na kuendelea katika vijiji vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Waliokutwa na mpapatiko hawakufika hata 1 katika 100. Mtu wa haraka atasema "mnaona, kwetu haupo, ni ugonjwa wa Wazungu." Subiri kwanza. Watafiti waliwafuatilia hao wachache. Ndani ya mwaka mmoja, takriban nusu yao walikuwa wamefariki.

Nusu. Kwa mwaka mmoja.

Mimi namba hiyo sisomi kama habari njema. Naisoma hivi: huwezi kumpima marehemu. Ugonjwa unaoua haraka ukipita kijijini na daftari utaonekana mdogo, kwa sababu waliokuwa nao wako makaburini. Kwa hiyo mtu akikuambia "bibi ni uzee tu", mwambie kuna kipimo, kuna dawa, na kuna sera ya taifa ya wazee tangu mwaka 2003 inayosema mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Uzee tu, halafu?

SEHEMU YA 4: MWANAUME ANAUPATA ZAIDI, MWANAMKE UNAMWUMIZA ZAIDI

Kina baba, msifurahi na msinune. Ni kweli kwamba ukichukua wanaume na wanawake wa umri ule ule, wanaume wanaupata mpapatiko zaidi, kama mara moja na nusu. Miili yao ni mikubwa na vyumba vya moyo ni vikubwa, kwa hiyo umeme una nafasi ya kuzurura. Wengi wanakunywa zaidi.

Lakini wanawake wanaishi miaka mingi zaidi, na mpapatiko unawasubiri huko mbele. Ndiyo maana, kwa hesabu za Framingham, mtu aliyefika miaka 40 ana uwezekano wa karibu 1 kwa 4 wa kuupata kabla ya kufa, awe mwanaume au mwanamke. Mwishoni tunafika pale pale.

Tukishafika, hatutendewi sawa. Wanawake wenye mpapatiko, hasa wakiwa na umri mkubwa, wanapata kiharusi zaidi, na kiharusi chao kinawaacha na ulemavu mkubwa zaidi. Wanahisi dalili zaidi: uchovu, mapigo kwenda mbio, kukosa pumzi. Na kwenye tafiti nyingi wanapewa matibabu kamili kidogo kuliko wanaume. Unaona ujanja wa dunia? Anayelalamika zaidi ndiye anaambiwa ana wasiwasi.

Kuna na jambo la shingo. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi inaharakisha moyo na inaweza kuleta mpapatiko, na ugonjwa huo unawapata wanawake zaidi. Dada unayekonda huku unakula, unatetemeka mikono, unatoka jasho, moyo unadunda, usikubali kuambiwa ni mapenzi yanakusumbua. Omba kipimo cha tezi.

SEHEMU YA 5: KWETU SISI, UTOTO NDIO UNAANZA

Hapa sasa nawaomba akina mama wenye watoto wa shule msiruke.

Maelezo ya uzee niliyowapa ni ya nchi ambazo watu wanafika miaka 70 milango ya moyo ikiwa mizima. Kwetu kuna njia ya mkato. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 anaumwa koo. Kuna koo la mafua, linapita lenyewe. Kuna koo la bakteria anayeitwa streptokoka: homa, koo jekundu, kumeza kunauma, tezi za shingo zimevimba, kikohozi hakuna. Lisipotibiwa, kwa baadhi ya watoto mwili unaanza kupigana na huyo bakteria na kwa makosa unashambulia viungo na moyo. Ndiyo homa ya rumatiki. Magoti yanavimba, yanahama, leo goti kesho kifundo. Tunasema "anakua huyo". Ikijirudia mara kwa mara, milango ya moyo, wengine mnaiita valvu, inakakamaa na kusinyaa.

Sasa kumbukeni kile chumba cha juu kushoto. Mlango wake ukisinyaa, damu inarundikana nyuma yake, chumba kinatanuka, na mpapatiko unakuja. Moyo wa binti wa miaka 28 unafanya mambo ya moyo wa miaka 80. Na hapo ndipo ile mara 17 inapoingia.

Mnataka namba? Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uitwao REMEDY, uliohusisha wagonjwa 3,343 wa moyo wa rumatiki, wengi kutoka nchi za Afrika zikiwemo jirani zetu Kenya na Uganda. Umri wa katikati wa wagonjwa hao ulikuwa miaka 28. Wanawake walikuwa theluthi mbili. Zaidi ya mmoja kati ya watano tayari alikuwa na mpapatiko.

Ishirini na nane! Huyo ni mama mwenye mtoto mgongoni. Ni mwalimu wa darasa la pili. Ni yule dada anayeuza mafuta ya alizeti pale stendi. Nani alituambia moyo ni ugonjwa wa wanaume wenye vitambi?

Halafu mtoto akiumwa koo tunafanya nini? Tunampeleka kukatwa kimeo. Jamani! Kukata kimeo hakuui bakteria hata mmoja. Kunamwachia mtoto kidonda, damu, na wakati mwingine maambukizi mapya, huku bakteria akiendelea na kazi yake. Mtoto mwenye koo la namna ile apelekwe zahanati. Penisilini na amoksilini ni dawa za zamani, zinafahamika, na zinafanya kazi. Na akipewa dozi, amalize dozi, sio siku ya tatu akicheka unafunga kopo.

Hata kama milango imeshaanza kuharibika kidogo, hatujachelewa. Kaskazini mwa Uganda watafiti walichukua watoto 818 ambao milango yao ilikuwa na dalili za mwanzo, zinazoonekana kwa kipimo cha eko tu. Nusu wakachomwa sindano ya penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili, nusu hawakuchomwa. Matokeo ya mwaka 2022: kwenye kundi la sindano, waliozidiwa walikuwa 3. Kwenye kundi lisilo na sindano, 33. Huo ni utafiti wa Uganda kwa watoto wa Uganda. Usije ukaniambia mambo haya ni ya Ulaya.

SEHEMU YA 6: MIMBA, DAWA, NA MANENO YA MTAANI

Ujauzito ndio mtihani wa moyo. Damu mwilini inaongezeka karibu nusu ya ilivyokuwa. Moyo unapiga haraka zaidi. Mlango uliosinyaa, ambao binti aliishi nao bila kujua, unashindwa. Ndiyo maana wengi tunawagundua wakiwa na mimba ya miezi sita, saba.

Kuchoka kwenye mimba ni kawaida. Haya sio kawaida: kushindwa kulala bila kuinua mito mitatu, kukohoa usiku ukilala chali, kuzimia, moyo kwenda mbio bila mpangilio ukiwa umekaa. Ukiwa na hayo usisubiri tarehe ya kliniki. Na wewe mama mkwe unayesema "sisi tulizaa tukilima", shikamoo mama, lakini mpeleke mkweo hospitali.

Sasa dawa. Mwenye mpapatiko pamoja na mlango uliosinyaa anahitaji dawa ya kuzuia damu isigande, na dawa hiyo ni wafarini. Kuna vidonge vipya ambavyo havihitaji vipimo vya mara kwa mara, na kwa wagonjwa wengine vinafaa sana. Lakini kwa mpapatiko wa rumatiki, utafiti uliohusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 kutoka nchi 24, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha waliotumia dawa za jamii ya wafarini walikufa wachache kuliko waliotumia kidonge kipya cha rivaroxaban. Zaidi ya wagonjwa 7 kati ya kila 10 kwenye utafiti huo walikuwa wanawake. Kwa hiyo shemeji yako wa mjini akikuletea kidonge cha kisasa, usibadilishe mwenyewe.

Mambo ya kushika kuhusu wafarini:

Moja, lazima upimwe INR, kipimo cha damu kinachoonyesha dawa imezidi au imepungua.

Mbili, mlenda haujakatazwa! Kina mama wanaacha mboga za majani wanabaki na ugali na chumvi. Mboga za kijani zina vitamini K inayoshindana na dawa, kwa hiyo kinachotakiwa ni kula kiasi kinacholingana wiki kwa wiki. Usile mlenda kila siku mwezi huu, halafu mwezi ujao usiuguse.

Tatu, diklofenaki ya dukani, dawa za mitishamba na vitunguu swaumu vya kumeza kama dawa vinaweza kukutoa damu. Uliza kwanza.

Nne, junia aspirini haichukui nafasi ya wafarini.

Tano, na hili ni la kina dada: wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa kuanzia wiki ya 6 hadi ya 12. Mimba ya mgonjwa huyu inapangwa na daktari kabla haijaingia. Ukikosa siku zako, nenda siku hiyo hiyo, usiache dawa mwenyewe nyumbani. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vinaongeza kuganda kwa damu, uliza kuhusu kijiti au kitanzi. Ukishajifungua, wafarini hairuhusiwi kuwa kisingizio cha kumwachisha mtoto ziwa. Unanyonyesha vizuri tu.

Mnajua kwenye ule utafiti wa REMEDY wanawake wa umri wa kuzaa waliokuwa wanatumia uzazi wa mpango walikuwa wangapi? Asilimia 3.6. Tunampa mwanamke dawa inayoweza kudhuru mimba, halafu hatumwambii kitu. Hilo ndilo linanikera kuliko yote niliyoandika leo.

SEHEMU YA 7: TUNATAKA NINI

Mkisema nesi anapiga kelele tu, haya, nayaorodhesha.

Kwa wenzangu wa zahanati na vituo vya afya: mashine ya presha inatoa namba. Namba 84 haikuambii kama mapigo yanakwenda kwa mpangilio. Weka vidole. Dakika moja nzima. Mama mjamzito, mzee, mgonjwa wa presha, wote. Hakuna bajeti inayohitajika kwa vidole viwili na saa ya ukutani.

Kwa viongozi wetu: kipimo cha ECG kinaonyesha mpapatiko kwa dakika chache, kisiwe kitu cha kufuatwa mjini tu. Mgonjwa wa Mkalama au wa Itigi hawezi kusafiri kila mwezi kupimwa INR kisha tumlaumu kwamba hafuati masharti. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ina tiba mkoba inayokwenda mikoani. Ikija, matangazo yafike vijijini, sio kuishia kwenye magrupu ya wafanyakazi.

Kwa walimu: mtoto anayechechemea goti baada ya kuumwa koo hatoroki vipindi. Mwandikieni mzazi.

Kwa kina baba: mke wako akisema moyo unapapatika, usimwulize amegombana na nani. Mwulize nauli ni shilingi ngapi.

Na wewe unayesoma, fanya hivi usiku huu. Kaa kimya dakika tano. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba. Hesabu dakika moja. Mapigo mazuri yanakwenda kama kinu kinachotwangwa na mtu mmoja: twa, twa, twa. Ya mpapatiko yanakuja kama mvua ya kwanza kwenye bati: mawili ya haraka, kimya, moja, matatu, bila mpangilio wowote. Pigo moja kuruka mara chache hutokea kwa watu wazima wa afya, na kwa vijana mapigo hubadilika kidogo na pumzi, usipige mayowe. Ila yakiwa hovyo dakika nzima, au ukiwa umetulia yanazidi 100, nenda hospitali uombe ECG, na useme neno lenyewe: "Mapigo yangu hayana mpangilio." Daktari akiona haja ya kipimo cha eko au bingwa, kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa Singida, kuna Benjamin Mkapa Dodoma, kuna Jakaya Kikwete Dar es Salaam.

Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, hapo hakuna kusubiri asubuhi, hakuna mganga, hakuna kumlazimisha maji wala uji. Ni gari na hospitali.

Mkimaliza wenu, mpimeni bibi. Halafu mpimeni binti. Mtu akiwaambia bibi ni mzee mno na binti ni mdogo mno, mtumieni sehemu ya kwanza.

Maswali wekeni chini, nikitoka zamu kesho najibu moja moja. Wa inbox pia nawaona. Sambazeni kwenye magrupu ya familia, hasa lile la kina shangazi.